Barua kwa Nyambura

Sakina, Arusha
Agosti

Mpendwa Nyambura,

Natumaini barua hii itawakuta nyote mkiwa wazima. Sisi huku hatujambo. Uliniuliza inakuwaje mimi Mkenya niwafundishe watoto wa Kitanzania historia yao, huku nikilea wangu mbali na kwetu, nami sikutaka kukujibu kwa maneno mawili ya simu.

Muhula huu kidato cha nne tumefikia mada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza iliyoundwa mwaka 1967 na kuvunjika mwaka 1977. Mwanafunzi mmoja alisimama akaniuliza, kwa adabu kamili, kama ni kweli kwamba Wakenya ndio walioivunja. Sikuitetea nchi yetu wala sikuishutumu. Niliwaagiza kila mmoja amtafute mzee aliyekuwa mtu mzima wakati ule, amhoji kwa Kiswahili, kisha aandike majibu kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani wao wa Novemba. Nyambura, laiti ungewasikia! Mmoja alileta habari za bibi yake aliyekuwa akiuza vitunguu Namanga hadi mpaka ulipofungwa mwaka 1977, akakaa bila kuonana na dada yake aliyeolewa Kajiado hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Watoto ambao mwaka mzima hawakuwa wamenyoosha mkono walisimama wakasimulia hadi kengele ikalia. Baada ya hapo ndipo sababu za kitabuni zilipowaingia: malalamiko kwamba Kenya ilikuwa ikinufaika zaidi kwa viwanda vyake, tofauti kati ya uchumi wetu na siasa ya Ujamaa iliyotangazwa papa hapa Arusha mwaka 1967, na Mwalimu Nyerere kukataa kuketi meza moja na Idi Amin baada ya mapinduzi ya Uganda ya mwaka 1971. Hata majengo ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, wanayoyapita kila waendapo mjini, hawakuwa wakijua kwamba yalijengwa yawe makao makuu ya Jumuiya hiyo.

Nyumbani ndiko kuna ugumu, na ugumu wenyewe ni wa kalenda zaidi kuliko wa kitu kingine. Shule za kwetu hufunga Aprili, Agosti na Desemba, ilhali za huku likizo ndefu ni Juni na Desemba, kwa hiyo wanangu hukutana na binamu zao Desemba peke yake. Mwezi huu wajukuu wengine wote wamejaa kwa mama kule Nakuru, naye hunipigia simu akiuliza wangu wako wapi, na jibu langu kila mara ni kwamba wako darasani. Hilo huniumiza kuliko madaftari ninayosahihisha usiku watoto wakishalala. Siamini kwamba mwalimu anaweza kuyagawa maisha yake nusu kwa nusu; mwaka wa mtihani shule huchukua sehemu kubwa, nami nimelikubali hilo kwa sababu mume wangu amelikubali pia, na Jumamosi za masomo ya ziada yeye ndiye hupika na kuwafulia watoto. Jumapili, hata hivyo, sigusi daftari. Binti yangu wa darasa la tano akiulizwa Baba wa Taifa ni nani hujibu Nyerere, na bibi yake humwambia ni Kenyatta; nimemweleza kwamba wote wawili ni wake, awasome wote.

Sasa nina ombi. Baba mkwe wako alikuwa karani katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki pale Nairobi. Mwombe, kwa heshima zote, atusimulie siku ambazo wenzake kutoka Tanzania na Uganda waliondoka ofisini: waliagana vipi, na nani alibaki na kazi zao. Mrekodi kwa simu, dakika chache tu, unitumie kabla ya Septemba kwisha, kwa kuwa Oktoba tutakuwa katika marudio. Wanafunzi wangu wamewasikia wazee wa upande huu pekee.

Wasalimu watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Wairimu