Askari wetu nao wanahitaji wa kuzungumza nao

Assalam alaykum Mhariri,

Naomba nafasi nisemee wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera 1978-79 na vijana wa jeshi waliokwenda kulinda amani Darfur na Congo, maana wakirudi huku Pemba tunawapokea kwa pilau kisha basi, hakuna anaemuuliza mtu usiku analalaje. Ami yangu, mmoja wa askari hao, alikuwa mvuvi hodari, sasa anashinda barazani kimya, kahawa inapoa mbele yake, nyavu ukutani zimejaa vumbi, na watu eti wanasema kapandwa na shetani. Jamani ile ni sonona, huzuni nzito isiyomtoka mtu, maradhi kama presha tu!

Kule Marekani wanajeshi wastaafu wanapata tiba fupi ya mazungumzo kwenye kliniki za karibu na kwao, vikao vichache tu, vinne mpaka vinane hivi. Na si kupiga soga, mtu anasaidiwa kuyahoji yale mawazo ya "mimi sina faida tena" na anapewa kazi ndogo ya wiki, labda ashone wavu mmoja, kikao kijacho wanaulizana imekwendaje. Zimbabwe nao tangu 2006 wanao mabibi waliofundishwa, wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya.

Sasa Wizara ya Afya, tufundishieni angalau nesi mmoja kila kituo, Micheweni, Wete, Mkoani, kote, maana kumwambia mzee apande boti mpaka Unguja, hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, haendi, jina lenyewe tu linamtisha.

Msomaji wenu, Chake Chake