Kabla Huruma Haijakuchosha: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Kilichonikaa moyoni ni pale uliposema kwamba tangu uache nyama, mayai na maziwa kwa kuwaonea wanyama huruma, moyo wako umezidi kuwa mzito. Usiku unatazama video za machinjio, usingizi unakuruka, na kukikucha una hasira na kila anayekula tofauti na wewe, shangazi yako akiwa wa kwanza. Sikuandikii ili ulegeze uamuzi wako. Ni uamuzi mwema na ninauheshimu. Ila kuumia pamoja na anayeumia ni mlango tu wa huruma, na wengi husimama hapo mlangoni mpaka wakachoka.

Jambo hili limechunguzwa. Tania Singer, mtafiti wa ubongo kutoka Ujerumani, alifanya kazi na Matthieu Ricard, mtawa wa Kibudha mzaliwa wa Ufaransa aliyekuwa mwanasayansi wa jenetiki kabla ya utawa. Ricard alilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, akaombwa ayahisi mateso ya wengine bila kwenda mbele zaidi. Alieleza kwamba haukupita muda mrefu akawa ameishiwa nguvu. Alipogeukia upendo, akawatakia heri wale wale wanaoteseka, hali yake ikabadilika, na picha zikaonyesha sehemu nyingine za ubongo zikifanya kazi. Baadaye Singer na wenzake waliwafundisha watu wa kawaida mambo hayo mawili. Zoezi la kuhisi maumivu liliwazidishia huzuni. Lile la huruma likawarudishia hisia njema, ingawa walikuwa bado wanaonyeshwa mateso.

Kwa hiyo video hizo ziache, mwanangu. Umeshaona ya kutosha kujua unachosimamia.

Badala yake keti. Kiti cha kawaida kinatosha, mgongo wima, pumzi ije na kwenda yenyewe. Wabudha wana namna ya kutafakari waiitayo metta, na mafundisho yao ya kale huifananisha na mama amlindaye mwanawe wa pekee kwa uhai wake (utaelewa kwa nini naipenda). Unaanza na nafsi yako: niwe salama, niwe na afya, niishi kwa amani. Usiiruke hatua hii kwa kudhani ni ubinafsi. Kisha unamtakia hayo hayo mtu unayempenda. Halafu mtu usiyemjua vizuri, kama yule unayepishana naye kila siku bila kumsalimu. Hapa ndipo pagumu kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu hakuna penzi wala chuki ya kukusukuma. Unajifunza kumjali mtu kwa kuwa tu naye anatamani furaha. Kaa hapo siku nyingi kadiri utakavyo. Anayekuudhi anafuata, nawe usianze na shangazi. Anza na mwenye kosa dogo. Mwisho viumbe vyote, na wanyama wako wakiwemo. Akili itatangatanga; kila ukigundua, irudishe bila kujigombeza. Kule kuirudisha ndilo zoezi lenyewe.

Ukishatulia, ingia jikoni. Maneno mezani hayajamgeuza shangazi, basi mpelekee kitamu. Chukua kikombe kimoja cha tende laini zilizotolewa kokwa, nusu kikombe cha lozi, vijiko viwili vya kakao isiyo na sukari na chembe ya chumvi. Saga mpaka vishikane, finyanga viduara vidogo, vigaragaze kwenye ufuta, viweke kwenye friji vigande kidogo. Unapofinyanga, mtakie heri atakayekula. Ndizi mbivu nazo, zikikatwa vipande, zikagandishwa na kusagwa, hutoa kitu laini kama aiskrimu bila tone la maziwa.

Angalia tu usidanganywe na pakiti. Biskuti kuitwa ya vegani, yaani isiyo na kitu chochote kitokacho kwa wanyama, hakuipunguzii sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, ikihesabiwa pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Tende nzima zina nyuzinyuzi zake, lakini nazo ni tamu sana, kwa hiyo viduara viwili vinatosha.

Na vitamini B12 je? Mimea haikupi ya kutegemewa, na upungufu wake huharibu damu na neva taratibu, bila kelele. Tafuta vidonge, au vyakula vilivyoongezewa, na umuulize daktari kipimo. Mwili wako nao unastahili huruma unayowapa wanyama.

Ukija, tengeneza vile viduara kwa mbegu za alizeti badala ya lozi. Mdogo wako bado ana mzio wa lozi, na najua atavidokoa kabla hujamwonya.

Mama yako