Kikao cha wazazi wa Kidato cha Pili: somo la Kiswahili

Asalaam aleikum na habari za jioni, wazazi wenzangu.

Kikao na mwalimu wa Kiswahili ni Jumamosi hii saa 3:00 asubuhi, darasani kwa watoto. Si saa 4:00 kama nilivyoandika juzi, mniwie radhi. Wa Makorora na Ngamiani tokeni mapema.

Mwalimu atatueleza haya:

1. Insha na barua. Mtoto ataandika, atasahihishiwa, kisha ataandika upya. Ukikuta daftari limejaa wino mwekundu usimgombeze, ndiyo kazi yenyewe.

2. Fasihi simulizi. Watatumwa nyumbani kukusanya methali, vitendawili na ngano, kwa hiyo mabibi na mababu wajiandae kuulizwa. Halafu watatunga tarbia, yaani shairi la mishororo (mistari) minne kila ubeti, na kwa kawaida mizani (silabi) 16 kila mshororo, 8 kila nusu. Wangu ameshaanza kuhesabu kwa vidole mezani mpaka chai inapoa.

3. Upimaji wa taifa wa Novemba.

Mchango ni shilingi 3,000 kila mzazi, wa kurudufu mazoezi. Mpeni mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni. Aliyekwama aniandikie pembeni, tutaelewana.

Natafuta pia wawili wa kuleta chai na mahamri.

Tafadhali jibu hapa NAKUJA au SIJI, pamoja na jina la mtoto, kabla ya Ijumaa saa 12:00 jioni. Baba mtu akija peke yake pia tunampokea!

Katibu wenu