Kabla hujavaa pete

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku Tukuyu mvua haijakatika tangu Jumatatu, na baba yako anakusalimu. Jumapili iliyopita mchungaji ametangaza ndoa yenu kwa mara ya kwanza. Niliposikia jina lako likisomwa, machozi yalinitoka mbele za watu.

Kwenye simu uliniambia kwamba wale mama wa kichenpati walikufunda neno moja jioni nzima: mke mtiifu hana mdomo, mume akisema wewe ni "ndiyo baba". Ukaniuliza kama ndivyo Biblia inavyofundisha, nami nikakwambia nitakujibu. Sikutaka kujibu kwa haraka, maana mimi mwenyewe niliolewa na fundisho hilohilo, na lilitugharimu kiwanja.

Habari za kile kiwanja cha Uyole hujawahi kusimuliwa vizuri. Ulikuwa darasa la pili. Tulikinunua kwa fedha za kahawa na za ng'ombe wawili, tukitegemea kujenga vyumba vya kupangisha ili viwasomeshe. Rafiki wa baba yako akaja kuomba hati iwe dhamana ya mkopo wake. Mimi nilikuwa nimeshasikia kwa akina mama wenzangu wa upatu kwamba bwana yule anadaiwa kila mahali. Nilipika chai, nikamimina, nikanyamaza. Nilijiambia kichwa cha nyumba ameshaamua, na mke mwema hampingi mumewe mbele ya mgeni. Mgeni alipoondoka nikajiambia baba watoto amechoka, nisimsumbue. Mwaka haukuisha, kiwanja kikauzwa. Baba yako hakupiga kelele. Alikaa kibarazani mpaka giza likaingia, kisha akaniuliza, "Ulikuwa unajua?" Nikamwambia nilijua. Akasema, "Sasa mbona uliniacha peke yangu?"

Usiku ule sikulala. Peke yangu! Neno hilo nilikuwa nalijua tangu darasa la kipaimara: "Si vema huyo mtu awe peke yake, nitamfanyia msaidizi wa kufanana naye." Mwanzo 2:18. Mungu alinileta nyumbani mwa baba yako ili asiwe peke yake, nami kwa kudhani ninatii nikamwacha hivyo hivyo. Baadaye mchungaji mmoja, sasa ni marehemu, alitufundisha kwamba neno la Kiebrania lililoandikwa pale ni ezer, na kwamba ndilo hilo lililo katika Zaburi ya 121, "Msaada wangu u katika Bwana." Fikiria, mwanangu. Neno analoitwa mke ndilo analoitwa Mungu anapomsaidia mtu wake. Msaidizi wa namna hiyo huona shimo akasema kuna shimo.

Usinielewe vibaya. Mimi naamini kabisa kwamba mume ni kichwa cha mkewe, kama Paulo alivyowaandikia Waefeso, na sioni haya kulisema neno "utii" hata kama wenzako wa kazini wanalicheka. Unakumbuka ulipopelekwa bweni? Mimi sikutaka. Nilimwambia baba yako sababu zangu zote, siku tatu, mlango umefungwa, ninyi mmelala. Yeye akaona uende. Basi nilikupangia sanduku lako kwa mikono yangu, na hakuna shangazi wala jirani aliyesikia kwangu kwamba sikukubali. Huo ndio utii ninaoujua: umeshasema yote uliyonayo, umesikilizwa, halafu unauweka moyo wako kwenye uamuzi hata kama si wako, na ukienda mrama huji kumchoma mwenzio kwa "nilikuambia". Si rahisi. Kuna siku niliufanya huku nimenuna, nikatubu.

Lakini utii huo una mpaka, na mpaka wenyewe umo katika Matendo ya Mitume sura ya 5, tena kwa habari ya kiwanja. Anania aliuza kiwanja, akawaletea mitume sehemu tu ya thamani na nyingine akaificha, na mkewe Safira alijua. Petro hakumhukumu kwa kosa la mumewe. Alimwuliza yeye mwenyewe: mliuza kiwanja kwa thamani hiyo? Akajibu, ndiyo, kwa thamani hiyo. Akaanguka palepale. Kwa nini wale mama hawakukusomea habari za Safira sijui. Aliafikiana na mumewe kwa kila kitu, akazikwa kando yake. Soma pia habari za Abigaili katika 1 Samweli 25, uone mke aliyeiokoa nyumba yake kwa kutofuata ujinga wa mumewe Nabali.

Jambo moja nalisema kwa ufupi kwa sababu halina mjadala. Mkono ukiinuliwa juu yako, uje nyumbani. Asikwambie mtu kwamba ni msalaba wako. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, imekataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na Petro, katika barua yake ya kwanza, amewaonya waume kwamba wasipowapa wake zao heshima hata sala zao zitazuiliwa.

Tangu mambo ya Uyole, baba yako hasaini karatasi yoyote kabla hajaiweka mezani mbele yangu. "Mama watoto, soma kwanza." Nami nasoma, natafuta miwani, nauliza ninachotaka kuuliza. Anangoja.

Nimempa barua hii aisome kabla ya kuituma. Ameisoma mara mbili, akakaa kimya pale kwenye habari za kiwanja, kisha akasema nikwambie hivi: Waefeso 5, mistari ya wake inaanzia wa 22 na kuishia wa 24. Kuanzia wa 25 ni ya waume, nayo inaendelea mpaka karibu mwisho wa sura. Huyo kijana wako naye aje Jumamosi, mapema, yeye na baba yako waisome wawili.

Mama yako