Barua ya wazi kwa vijana mnaotukanana kwa damu

Wanangu na wajukuu zangu, salamu nitawapa siku nyingine, leo nimekereka. Nimesoma mabishano yenu juu ya Wanubi, watu wa bonde la Nile kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudani, mpaka usiku wa manane, huyu anasema ni Waafrika tupu, yule anasema ni Waarabu waliochomwa na jua, mwisho mkaishia kwenye "sisi wenye asili, nyinyi uzao wa watumwa". Na aliyeandika hivyo ni mjukuu wangu mwenyewe!

Haya, njooni Kulubnarti, Sudani, pale Mto Nile unapopita kwenye mawe matupu ya Batn el-Hajar. Kuna maeneo mawili ya makaburi ya Wakristo wa zama za kati, moja kisiwani moja ng'ambo, yalichimbuliwa mwaka 1979. Kote wamezikwa na sanda tu, hamna dhahabu hamna nini. Ila mifupa ikasema, wa kisiwani waliteseka zaidi, wana vitundu vitundu kwenye paa la tundu la jicho, dalili ya kuishiwa damu, na walikufa mapema kuliko wenzao. Wasomi wakahisi hawa ni tabaka la chini, wengine wakajiuliza kama si watu wa kuja. Si ndo akili zenu hizo, fukara lazima awe wa damu nyingine?

2021 yakatoka majibu ya DNA ya watu 66. Damu ileile! Kama asilimia 43 asili ya Kinailoti, yaani ya watu kama Wadinka, iliyobaki ya Mashariki ya Kati iliyopitia Misri, huku na kule sawa. Tena kuna ndugu walikutwa mmoja kazikwa huku mwingine kule, ukaribu wa kama shangazi na mpwa, jamani, yaani nduguyo anadhoofika ng'ambo ya maji na wewe unajiona bwana. Na msijifanye mnashangaa, kwetu ukoo mmoja una nyumba ya jenereta na nyumba ambayo mtoto analala na chai ya rangi.

Asili ile ya nje ililetwa zaidi na wanawake. Pwani yetu kinyume, utafiti wa 2023 umeonyesha damu ya Kiajemi ilikuja na wanaume, mama zetu wengi Waafrika.

Mengine kwa ufupi. Kipimo cha DNA cha mate si cheti cha ukoo. Asilimia za kijiji kimoja msizipake Nubia nzima. Dini na lugha havimo kwenye DNA. Na Wanubi wapo hai, miaka ya 60 wa Wadi Halfa walihamishwa kupisha maji ya bwawa la Aswan, basi waulizeni wao kabla hamjawasemea.

Halafu ile picha ya fuvu mliyoigeuza stika ya kuchekea, ifuteni leo hii.