Mwanangu, kabla hujatoka nje ya mwamba

Kojani, Pemba, mwezi wa Juni

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako goti linamsumbua kwa baridi hii ya kusi, upepo wa kusini, lakini anatembea, na mdogo wako ameanza kushona nyavu mwenyewe bila kusimamiwa. Habari zako tumezipata kwa wenzako waliorudi kutoka dago, kambi yenu ya uvuvi huko Mafia: kwamba tajiri mwenye boti amekukabidhi boti ya faiba yenye mashine ya nguvu farasi 40, una vijana wanne chini yako, na mnakusudia kutokea mlango wa Kinasi kwenda nje kutafuta jodari na nguru, kusi hili hili. Walinihadithia kwa furaha kubwa. Mimi nimefurahi nusu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanijibu "ndiyo baba, ndiyo baba" hadi salio linakwisha. Barua utaisoma ukiwa umelala, ukiudhika utaiweka, kesho utaichukua tena.

Uvuvi unaujua, sina haja ya kukufundisha mshipi. Lakini bahari uliyoijua ulipokuwa nami ni bahari ya tanga, na tanga lilikuwa na adabu yake. Kusi likikaza, ngalawa haitoki. Utajaribu kubisha, kwenda mshazari dhidi ya upepo, asubuhi nzima na bado mnazi wa pwani unauona pale pale, mwisho unarudi kushona nyavu. Upepo ulikuwa unakukataza ukiwa bado karibu na nyumbani. Mashine imeuondoa mkatazo huo. Upepo ule ule uliomzuia mwenye ngalawa unaupita kwa saa moja tu, ukageuka nyuma kisiwa kimekuwa mstari. Na mashine ikizima huko, umebaki na boti isiyo na tanga, makasia mawili ya kuogopesha kunguru, na ubavu mrefu mwepesi ambao upepo unausukuma utakavyo. Mashine imekupa uwezo wa kwenda tu. Wa kurudi inabidi uutengeneze mwenyewe.

Ujue mkondo. Nje ya Mafia maji yanapanda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi yanasukumwa zaidi. Yanaweza kufika kilomita 7 kwa saa. Chukua kilomita 5 tu. Mashine ikizima magharibi, alfajiri mmeshasogea kilomita 60 na hakuna anayewatafuta huko, kwa sababu watu watawatafuta pale mlipoaga kwamba mnakwenda. Siku ya tatu labda mtapita mbele ya mlango wetu hapa Kojani, mbali, wala tusiwaone. Kisha Kenya, kisha Somalia. Na usidhani kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, ni nafuu. Miezi ile mkondo unaopanda hukutana na ule unaoshuka kutoka Somalia, huko juu ya Malindi, na yote miwili hugeukia katikati ya bahari. Kusi angalau linakupitisha kando ya nchi za watu.

Tena kaskazi ina hila nyingine ambayo vijana hawaijui kwa sababu wanauita msimu wa raha. Upepo unashuka, mkondo unapanda, vinakabiliana. Wimbi likikabiliwa na maji yanayokwenda kinyume hujikusanya, huwa la karibu karibu, refu kwa kimo na limesimama wima, na boti haipati nafasi ya kupanda moja kabla ya jingine kuanguka ndani. Mambo hayo hayo utayaona Kinasi kila siku bila kusubiri kaskazi. Maji ya ghuba ya Chole yakianza kupwa, hasa siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanatoka kwa nguvu kupitia mlango ule mwembamba huku wimbi la kusi likiingia. Saa mbili kabla pametulia, ukirudi pamechafuka peupe. Kwa hiyo saa ya kurudi ipange kabla ya saa ya kutoka. Hesabu maji. Uingie yakiwa yanajaa, na ukichelewa usilazimishe: simama nje, omo (mbele ya boti) kwenye wimbi, mashine polepole, hadi maji yageuke. Samaki watalainika, ndiyo. Tajiri atanuna.

Sasa kurudi kwenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea. Ukienda nje unakabili wimbi. Omo linapanda, linashuka, unalowa, mgongo unauma, lakini kila kinachokuja unakiona. Ukirudi Kinasi na kusi, wimbi liko tezi, nyuma ya boti. Upepo unauona umepoa kwa sababu mnakwenda njia moja, mashine inaimba, vijana wanaanza hadithi. Hapo wimbi linaibeba boti kwa nyuma na boti inaanza kuteleza kwa kasi kuliko mashine inavyoisukuma. Tezi liko juu, propela inapiga hewa, omo linachoma maji ya bondeni. Kwa dakika hiyo usukani hauna kazi. Omo likishashikwa na maji, tezi linataka kulipita, boti inageuka ubavu, na wimbi linalofuata halina haja ya kuwa kubwa ndipo liwapindue.

Dawa yake ni subira, kitu ambacho mashine ya 40 haikufundishi. Punguza moto. Kaa mgongoni mwa wimbi lililo mbele yako, likikimbia liache likimbie, usilipande ukalivuka kileleni. Samaki na barafu viwe katikati na nyuma kidogo, omo libaki jepesi, na asikae mtu omo kwa kuona raha. Mkono usitoke kwenye usukani hata kama nguru mwenye urefu wa mtu amekula chambo. Mbele ya mlango tulia kwanza uangalie: mawimbi huja kwa makundi, makubwa kadhaa kisha unapatikana utulivu mfupi. Ingia nyuma ya lile la mwisho la kundi, ulifuate, usigeuze shauri katikati. Nimewaona watu hodari wakigeuza katikati ya mlango.

Mashine nayo huzima palipochafuka, na vijana husema ni mkosi. Si mkosi. Chini ya tangi huwa kuna maji na uchafu uliotulia wiki nzima bahari ikiwa shwari. Siku ya mawimbi vinakorogwa, vinaingia kwenye mpira wa mafuta, chujio linaziba, na mashine inakohoa pale pale unapoihitaji. Chuja petroli kwa kitambaa unapojaza, safisha tangi kila mara, weka plagi za akiba na funguo mahali unapoweza kuzishika gizani. Petroli igawe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, la tatu usiliguse. Ikitokea unarudi kwa kukabili upepo, mashine inakula kuliko kwenda, na bahari haina pa kununua.

Ikizima kweli, jambo la kwanza si kufungua kifuniko cha mashine. Nyote mtainama tezi, boti itakaa ubavu, na wimbi litaingia. Kwanza lizuieni omo. Chukueni ndoo, au nyavu iliyofungwa bunda, au tanga dogo ninalokutumia, mfunge kwa kamba ndefu kutoka omo na kutupa majini. Kitu hicho kitaburuta, boti itageuza uso kwenye wimbi yenyewe na mwendo wa kuchukuliwa utapungua. Ndipo fundi afungue mashine na wengine wakumbe maji. Nanga ikifika chini ni bora zaidi, ila nje ya mwamba pale chini panashuka haraka na kamba yako haitafika. Na usifunge nanga wala kamba yoyote ya kuzuia boti kwa tezi, hata kwa dakika moja. Tezi limekatwa chini kwa ajili ya mashine, wimbi litapanda ndani kama mgeni aliyekuta mlango wazi.

Maji yakiingia yakumbwe mapema. Yakiwa kifundoni unayaona kidogo, lakini hayakai mahali: boti ikilala kulia yote yanakimbilia kulia, yanaongeza ulalo, na mrama unaofuata unakuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Samaki waliotapakaa hufanya vivyo hivyo. Boti ikipinduka, shikeni boti. Usimruhusu mtu kuogelea kufuata kisiwa anachokiona. Kisiwa kinaonekana karibu kuliko kilivyo, na mkondo unampeleka pembeni yeye hajui. Boti iliyopinduka inaonekana na mtafutaji, kichwa cha mtu hakionekani.

Jaketi za kuokolea najua mnasema ni nguo za watalii. Mtu anaivua aikalie. Mwanangu, wewe ni nahodha, vaa wa kwanza, hutahitaji kusema. Na madumu matupu yaliyofungwa kizibo vizuri yafungwe ndani ya boti, mawili omo, mawili tezi; hata faiba ikijaa maji yatasaidia kuibeba. Maji ya kunywa yawe dumu zima, wala si chupa. Simu itie mfuko wa plastiki, lakini usiitegemee, mtandao unakatika kabla ya samaki kuanza. Mwambie tajiri anunue redio ya VHF, ya mawasiliano ya baharini, mtu akiita chaneli 16, ya dharura, meli zinazopita zinasikia.

Najua utanijibu siku ya mtu ikifika imefika. Ni kweli, na mimi naamini hivyo. Lakini Mtume wetu alipoulizwa na mwenye ngamia, afunge au amuache na kutegemea, alimwambia amfunge kisha ategemee. Kudra haijazi petroli. Maneno hayo ya "siku imefika" nimechoka kuyasikia misibani yakisemwa na watu wanaojua vizuri kabisa kwamba boti ilitoka na chujio bovu.

Ukubwa wa chombo nao usikuhadae. Spice Islander ilikuwa meli ya abiria na mizigo, na usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ilizama kwenye mkondo wa Nungwi ikija huku kwetu Pemba, imejaa kupita kiasi. Boti za wavuvi, ndogo kama hiyo yako, zilikuwa miongoni mwa zilizotoka kuwaokota watu. Nyumba nyingi za Pemba zilipotelewa na mtu wao au wa jirani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza kila siku, usione haya kusikiliza. Wakisema upepo utafika kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, kwa meli hayo si kitu, kwako wewe ni mawimbi yanayozidi kimo cha mtu aliyesimama. Kimbunga Hidaya kilitua hapo hapo Mafia mwezi Mei 2024, na kilitangazwa kabla, hata boti za abiria za Dar na Unguja zikasimamishwa. Jambo lenye jina huwa linasikika. Linalowamaliza wavuvi mara nyingi halina jina: wingu jeusi limesimama upande wa kusi, joto linakatika ghafla, upepo wa baridi unakugusa shingoni, na baada ya dakika chache mvua imefunga na huoni omo lako. Ukihisi baridi ile, mishipi iinuliwe hapo hapo. Usimsubiri aliyenasa.

Nimebakisha la tajiri, na ndilo gumu. Mgao naujua. Mafuta yanatolewa kwanza, kisha fungu la boti, fungu la mashine, ndipo ninyi watano mgawane. Mkirudi mikono mitupu, petroli ya leo inakuwa deni la kesho, na kesho mtatoka katika upepo ambao msingetoka kama hamdaiwi. Siku mbaya, deni hilo limewapeleka watu baharini kuliko njaa. Hayuko tajiri atakayekuambia "toka ukafe". Atakuuliza tu, mbele ya watu, mbona boti ya fulani imetoka. Jibu lako liwe limeshapangwa tangu siku ya kupewa boti: kwamba kutoka na kutotoka ni shauri la nahodha, na siku ambazo boti haikutoka hazihesabiwi deni. Ukimwambia sasa hivi, bahari ikiwa imetulia na yeye anakuhitaji, atakubali. Ukimwambia siku ya upepo ataona umeogopa. Asipokubali kabisa, rudisha boti. Nyavu za kina kifupi zipo, na ndani ya ghuba ngisi hawajakwisha.

Na kila mkitoka, mwachieni mtu pwani habari: mmetoka mlango gani, mnaelekea wapi, mko wangapi, mtarudi maji gani. Awe mtu mwenye kuhangaika kwa tabia, mpika chai atafaa kuliko rafiki yako anayelala hadi adhuhuri.

Nimekupelekea mzigo kwa boti inayokuja Kilindoni. Kuna zawadi ya mama yako, chumvi na pilipili za kukausha, na tanga dogo nililokushonea, la pembe tatu, pamoja na foromali nyepesi, mti wa kushikia tanga, na mlingoti mfupi. Halitakufikisha unakotaka, lakini kwa kusi litakutoa kwenye mkondo na kukusogeza upande wa nchi, na usipolipandisha ni zuri kulitupa omo kama nilivyokuambia. Fundi akazie mlingoti kwenye ubao wa mbele wa kukalia, kwa chini aweke kipande cha mti cha kuukalisha. Asitoboe faiba. Tajiri akiuliza tanga la nini kwenye boti ya mashine, mpe namba yangu.

Mama yako anakusalimu, na mdogo wako anauliza kama utamtumia ndoana za jodari.

Ni mimi baba yako.