Risala ya Watumishi wa Zahanati na Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, Mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kigoma

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa vijiji, wazee wetu na ndugu wananchi,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha mwambaoni. Umefika kwa boti, hivyo njia wanayoletewa watoto wetu chanjo umeiona mwenyewe. Leo tunaomba tulieleze jambo moja: chanjo imfikie mtoto ikiwa bado ina nguvu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 tangu jokofuni hadi inapochomwa. Kwa joto la Kigoma kila mtu huliogopa jua, na ni haki kuliogopa. Lakini Penta, chanjo ya magonjwa matano kikiwemo kifaduro, ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, huharibiwa upesi zaidi na barafu. Ikiganda mara moja tu, chembe za aluminiamu zilizomo hushikamana, na hata ikiyeyuka nguvu yake hairudi. Mtoto atachomwa sindano, kadi itajazwa, na kifaduro kitamkuta hana kinga. Kibaya zaidi, kiashiria kilichobandikwa kwenye kichupa hakioneshi kuganda. Chenyewe husoma joto tu: mraba wa ndani ukiiva rangi sawa na duara, kichupa hakitumiki tena.

Kosa hutokea alfajiri. Boti inawahi kabla upepo wa kusini haujaamka, pakiti za barafu zinatolewa kwenye friza zikiwa ngumu kama jiwe na kuingizwa papo hapo kwenye kibebeo, lile sanduku la kusafirishia chanjo. Pakiti iachwe mezani hadi itoe jasho, na ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani. Hilo huweza kuchukua nusu saa na zaidi, kwa hiyo anayeondoka saa 11 alfajiri aanze saa 10. Kichupa cha Penta kikishukiwa kuganda, kingine cha bechi ile ile hugandishwa makusudi, kikayeyushwa, kisha vyote viwili hutikiswa na kusimamishwa pamoja. Kilichoshukiwa kikituliza mashapo upesi sawa na mwenzake, hakifai.

Chanjo ya surua-rubela ina mambo yake. Huja ikiwa unga, na unga huo hauogopi kuganda, ila ukishachanganywa na maji yake maalumu, yaliyopozwa kwanza, una saa 6 tu. Zaidi ya hapo, bakteria walioingia wanaweza kuzaliana humo na kumuua mtoto. Ndiyo maana wengine, kwa kuogopa kumwaga dozi zitakazobaki, husita kufungua kichupa cha dozi nyingi kwa watoto wawili. Sisi tunasema kifunguliwe. Mama akirudishwa leo katika kijiji kisicho na barabara, huenda asionekane tena hadi surua imeshaingia nyumbani kwake.

Lipo na suala la ratiba. Siku za giza wavuvi wako ziwani usiku kucha, na asubuhi akina mama wako mchangani wanaanika dagaa. Huduma ya mkoba, yaani chanjo inayopelekwa vijijini, ikija siku hizo hupata watoto wachache, halafu wazazi huitwa wazembe. Tunaona si haki. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti dagaa na familia ziko nyumbani. Kalenda ya mkoba ifuate mwezi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba mafuta ya boti ya mkoba yatengewe fungu lake. Kila kibebeo kipate kipimajoto na kiashiria cha kuganda. Fundi wa majokofu ya sola afike hadi zahanati za mwambao, maana paneli iliyojaa vumbi au kufunikwa na kivuli cha mwembe hudhoofisha jokofu, na sisi tunaweza kufuta vumbi na kupunguza matawi lakini si kurekebisha mtambo. Kusoma joto asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu zikiwemo, ni kazi yetu na tunaifanya.

Tunaomba kuwasilisha.